Mrushaji nyota kashika kiwiko mwezi Machi: ulie lini, utulie lini

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Bronx, na tangu nifike huku mi ni mtu wa Yankees, timu ya besiboli ya hapa New York, kufa na kupona. Machi 2024 mrushaji wetu mkubwa Gerrit Cole alisema kiwiko hakimkai sawa, tukalia tukijua kaisha, kumbe Juni karudi na mpaka kwenye World Series, fainali ya ligi kuu, karusha. Machi 2025 kiwiko tena, mi nikawaambia wenzangu kazini tulieni, haya ni yale yale ya mwaka jana, siku tano baadae kapasuliwa na msimu mzima hatukumwona. Mtu yule yule, mkono ule ule, mwezi ule ule. Sasa timu ikisema "tunampiga picha kwa tahadhari tu" nitajuaje kama ni ya kulia au ya kutulia? Na kwa nini iwe Machi kila mara? Na je, mtu akishapasuliwa anarudi kuwa yule yule? La mwisho, mtoto wa dada yangu ana miaka 15, anarusha timu ya shule, juzi kalalamika mkono. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikutoe wasiwasi, hukukosea kulia 2024 na wala hukukosea kuwatuliza wenzako 2025, manake taarifa mliyopewa mashabiki siku ya kwanza ilifanana miaka yote miwili, na siku ya kwanza hata daktari wa timu anakuwa bado anapapasa. Mi kazi yangu ni fiziotherapia, nashinda na mabega na viwiko vya watu, na nakwambia neno "maumivu" peke yake halina habari ndani yake. Kuna mtu anaumwa mpaka hawezi kushika kikombe na hana kitu, kuna mwingine anahisi kukaza kidogo tu kumbe ndani kumeshachanika. Habari iko kwenye maumivu yako wapi, yalikuja saa ngapi, na timu imefanya nini baada ya kuona picha. Yale waliyosema kabla ya picha yasikie afu yaache yapite.

Kunja kiwiko chako hapo ulipo, pitisha kidole upande wa ndani, ule unaoelekea mbavuni, utakuta kimfupa kimechomoza. Shuka chini yake kidogo. Hapo ndani kuna ligamenti, kitu kifupi kuliko kidole chako kidogo, inashika mfupa wa juu wa mkono na mfupa wa chini visiachane upande huo. Hiyo ndiyo ambayo mashabiki wa besiboli wote wanaijua hata kama hawajui jina lake, ndiyo inayopelekea upasuaji wa Tommy John, ule wa kuunganisha ligamenti mpya. Mrushaji wa ligi kuu anapopeleka mkono nyuma mpaka mwisho, sekunde ile kabla ya kuuvuta mbele, nguvu inayotaka kukifungua kiwiko inapita nyutoni-mita 60, na ligamenti hii ikipimwa peke yake maabara, kwenye mikono ya watu waliofariki, inakatika kwenye kama nusu ya hapo. Sasa utauliza mbona haikatiki kila mrusho? Kwa sababu haiko peke yake. Misuli ya kigasha, ile nyama iliyoanzia kwenye kimfupa hicho hicho ikashuka mpaka kwenye kiganja, inakaza na kuchukua sehemu ya mzigo. Ni kama gunia linalobebwa na watu wawili, mmoja akichoka akaachia kidogo hutaona gunia limeanguka, ila mwenzake anajua.

Kwa hiyo shika hili moja, kwa mrushaji uchovu wa kigasha ni habari ya ligamenti, hata kama ligamenti yenyewe bado nzima. Ndio maana ukisikia timu imesema "kigasha kimekaza" usiseme aah ni msuli tu. Mi kwangu hayo maneno yananishtua kuliko "bega linauma kidogo", hasa kama mtu ana umri wa kutosha na mirusho mingi mkononi.

Turudi kwa Cole. Mwaka 2023 alikuwa na msimu ambao mrushaji anaota, mechi 15 kashinda kapoteza 4, raundi (inning) 209 karusha, watu 222 kawatoa kwa straiki, yaani walishindwa kuupiga mpira wake, na tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, kaipata kwa kura zote bila mpinzani. Raundi 209 siku hizi ni nyingi sana, wengi hawafiki hata 180. Anakuja Tampa, Florida, kwenye kambi ya mazoezi kabla ya msimu, Februari 2024, anaanza kurusha taratibu, na tarehe 11 Machi kocha Aaron Boone anatangaza anapelekwa MRI, picha ya kuona ndani ya kiungo. Sikiliza malalamiko yenyewe yalikuwa nini. Hakusema nilirusha nikahisi kitu kimekatika. Alichosema ni kwamba harudi sawa, yaani baada ya kurusha kidogo kambini mkono ulikuwa unajisikia kama baada ya mechi kamili ya mirusho 100. Huyo ni mtu anayeujua mkono wake, kagundua hesabu haikubali, kachoka kuliko alichofanya. Wakampiga picha zaidi ya moja, akaonana na Dokta Neal ElAttrache wa Los Angeles, jibu likaja kwamba neva imevimba na kuna maji kwenye kiwiko, ligamenti haihitaji kisu. Pumzika wiki tatu nne usiguse mpira, afu anza upya kidogo kidogo. Timu ikamweka kwenye orodha ya majeruhi ya siku 60, na tarehe 19 Juni karudi dhidi ya Baltimore, raundi nne tu.

Sasa 2025. Tarehe 6 Machi anarusha mechi ya kirafiki dhidi ya Minnesota, anapigwa, raundi hazifiki tatu na kaachia pointi sita. Hilo la kupigwa lenyewe sio dalili, Machi warushaji wakubwa wanapigwa kila siku na mtu asikutishe nalo. Dalili ni kilichotokea baada ya hapo, usiku ule ule kiwiko kikazidi kuuma badala ya kupoa. Kesho yake vipimo, wikiendi wanatafuta maoni ya daktari wa pili, Jumatatu tarehe 10 wanatangaza upasuaji, Jumanne tarehe 11 yuko mezani Los Angeles, kwa ElAttrache yule yule, kaunganishiwa ligamenti mpya na ndani kawekewa utepe wa kuishikilia. Tarehe 11 Machi 2024 inatangazwa MRI, tarehe 11 Machi 2025 kalazwa kwenye kisu. Naelewa kabisa kwa nini imekuuma.

Umeona tofauti lakini? Mwaka wa kwanza ni mkono ambao haupoi vizuri katikati ya siku za kurusha, umesemwa mapema, kabla hajapanda spidi ya mechi. Mwaka wa pili ni mkono uliosharusha kwa nguvu halisi, ukaharibika ndani ya masaa, afu mwendo wa timu ukawa wa haraka. Huo mwendo ndio nataka ujifunze kuusoma, kwa sababu maneno ya timu yanaandikwa na watu wa habari lakini mwendo wao unaamuliwa na picha.

Kuna kitu watu hawakijui kuhusu MRI ya mrushaji. Ukimchukua mrushaji mzima kabisa, hana maumivu, ukampiga picha ya kiwiko, utakuta mambo. Ligamenti imenenepa, kuna kovu hapa, kuna mfupa umeota pale, mkono uliorusha kwa miaka 15 hauwezi kufanana na wa mwalimu wa hesabu. Kwa hiyo daktari akiangalia picha ya leo haangalii tu leo, anaiweka pembeni ya picha ya zamani ya mtu huyo huyo na kuuliza nini kimeongezeka. Na saa nyingine kiwiko kimejaa maji mno, picha haisomeki vizuri, inabidi wasubiri kidogo au wapige nyingine wakiwa wamechoma dawa ya rangi ndani ya kiungo ili kama kuna mpasuko rangi ivujie hapo. Ndio maana habari inachelewa. Siku mbili tatu za kimya mi hazinitishi hata kidogo, ni kazi ya kawaida, na mchezaji ana haki yake kwa mkataba wa ligi kutafuta daktari wa pili asiye wa timu.

Kwa hiyo na jina la daktari bingwa lisikutoe roho. Najua mashabiki wakisikia ElAttrache, au Keith Meister wa Texas, wanaanza kuweka matanga. Ila ushaona, Cole 2024 alienda kwa huyo huyo akarudi bila kushonwa. Unachotakiwa kusubiri ni sentensi inayokuja baada ya hapo, na ndani yake tafuta kitu kimoja tu, tarehe ya kushika mpira tena. Wakisema "atapumzika siku kadhaa kisha ataendelea kurusha" lala usingizi. Wakisema wiki tatu mpaka sita bila kugusa mpira, hesabu kabisa miezi mitatu kabla hujamwona kwenye mechi, kwa sababu mkono uliopumzika mwezi unahitaji kama mwezi na nusu au miwili kujengwa tena, Machi, Aprili na Mei yote imekwenda. Na wakisema "tunapitia chaguzi zote" bila kutaja kabisa lini atarusha, hapo mdogo wangu jiandae, kinachojadiliwa mara nyingi ni aina gani ya upasuaji, sio kama upo.

Afu kuna yale maneno ya katikati, "kachanika kidogo". Hapo ndipo watu wenyewe tuliosomea tunagawanyika. Masahiro Tanaka, wa kwenu huko huko New York, Julai 2014 alikutwa ligamenti imechanika sehemu, kila mtu akapiga kelele apasuliwe sasaivi, madaktari watatu wakamwambia apumzike, akachomwa sindano ya damu yake mwenyewe iliyochujwa, Septemba akarudi, na akarushia Yankees mpaka 2020 bila kisu kwenye hiyo ligamenti. Miaka sita! Lakini wapo wengi waliojaribu njia hiyo hiyo, wakapumzika miezi miwili, wakarudi, ikakatika mrusho wa kumi, na ule muda wote ukawa umepotea. Inategemea imechanika upande gani, juu kwenye mfupa au chini, na mrushaji mwenyewe anategemea mrusho wa namna gani. Tanaka hakuwa mtu wa kulazimisha spidi, alikuwa mtu wa mpira unaodondoka mwishoni. Mi nadhani hilo lilimsaidia sana.

Bega nitalipitia haraka. Msuli mkubwa wa mgongo unaopita chini ya kwapa ukichanika inatisha kusikia ila mara nyingi unapona wenyewe kwa muda, mrushaji mwenzake Cole, Luis Gil, ulimpata huo huo Machi 2025, wakamkataza kurusha wiki sita kwa uchache, na tarehe 3 Agosti alikuwa uwanjani. Ila kitu ndani ya kiungo chenyewe cha bega, ule mfuko wake, hapo ndipo mi huogopa kuliko kiwiko. Kiwiko tunajua kukitengeneza. Bega bado linatushinda mara nyingi.

Kwa nini Machi. Hili nina maoni makali kidogo unisamehe. Zamani mrushaji alikuja kambini Februari mkono umelala, kambi ndio ilikuwa ya kuuamsha, wiki sita taratibu. Siku hizi anakuja akiwa tayari, Desemba na Januari alikuwa kwenye maabara ya kurushia na kamera pande zote, kila mrusho unapimwa spidi na mzunguko, anarusha kwa nguvu zote wakati hamna mechi wala hamna haja. Ligi kuu yenyewe ilitoa ripoti Desemba 2024 baada ya kuhoji watu zaidi ya 200, wakiwemo madaktari, makocha na wachezaji wa zamani, na ilichosema ni hicho, kukimbilia spidi, kusaka mpira wa kukata zaidi, na kurusha kwa nguvu zote muda wote hata nje ya msimu, na wakaonyesha majeruhi yanapanda sana kwenye kambi na mwanzo wa msimu. Fastboli, mrusho wa kasi ulionyooka, ya kawaida mwaka 2008 ilikuwa wastani wa maili 91.3 kwa saa, 2024 ikawa 94.2. Kwa kilomita ni kutoka kama 147 mpaka karibu 152. Unaona ni kidogo, lakini misuli unaweza kuifanyia mazoezi ikanenepa, ligamenti haikui kwa kasi hiyo. Injini imeongezwa nguvu, bolti ni zile zile.

Na siwalaumu vijana kwa hilo, nasema kutoka moyoni, kwa sababu spidi ndiyo inayoandika mkataba. Hata David Matoma, kijana wa Uganda aliyesaini na Pittsburgh Pirates, kilichowavuta maskauti ni spidi ya mkono wake. Huwezi kumwambia mtoto aliyetoka mbali hivo apunguze. Anayetakiwa kupunguza ni anayelipa.

Jambo lingine la Machi ni kwamba mtu anaficha. Kambini kuna vijana wanapigania nafasi moja, anajua akisema kigasha kimekaza jina lake linashushwa, anameza dawa anarusha. Nyota kama Cole mwenye mkataba wa miaka tisa wa dola milioni 324 anaweza kumudu kusema, na ndio maana inaonekana kama nyota ndio wanaumia, kumbe ndio wanaosema. Kwa hiyo naomba sana, wewe na wenzako mkisikia mtu kasema mapema kwamba mkono haupoi, msimwite laini. Mi niliumia kusoma watu walivomwandikia Cole 2024, eti mamilioni yote hayo anaogopa kuuma kidogo. Yule alifanya kitu ambacho mi nawabembeleza wagonjwa wangu wafanye na hawafanyi, alisema kabla.

Umeniuliza pia, kwa uchungu, kama akipasuliwa anarudi yule yule. Upasuaji wenyewe una historia nzuri. Septemba 1974 Dokta Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono mmoja wa Tommy John akaipitisha kwenye matundu aliyotoboa kwenye mifupa ya kiwiko cha mkono wa kushoto, ule wa kurushia, na akamwambia nafasi ya kurudi ni moja kwa mia. John akakosa msimu wa 1975 wote, akarudi 1976, akarusha mpaka 1989, na mechi 164 kati ya 288 alizoshinda maishani alishinda baada ya kisu. Leo wengi sana wanarudi ligi kuu. Justin Verlander alipasuliwa mwisho wa Septemba 2020 akiwa na miaka 37, watu wakamwandikia buriani, 2022 akashinda mechi 18 na Cy Young juu. Chris Sale alipasuliwa Machi 2020, akapitia majeraha mengine ya ajabu ajabu, Cy Young yake ya kwanza kaipata 2024 akiwa Atlanta.

Ila usimdai mwezi wa kwanza. Spidi inarudi kwanza, na hiyo ndio inawadanganya mashabiki, mnaona maili 96 kwenye skrini mnasema kapona. Kinachochelewa ni kuuweka mpira pale anapotaka, kwa sababu mkono mpya unahitaji kujua upya uko wapi hewani, na mrusho unaogoma mwisho kabisa mara nyingi ni ule wa kona, mpira unaopinda. Miezi 12 ni kwa mwenye bahati, 14 mpaka 18 ndio kawaida kwa mrushaji wa kuanza mechi. Akirudi tazama namba mbili tu, anampa mtu besi ya bure kwa kurusha nje mara nne ni mara ngapi, na siku ya tano baada ya kurusha yuko tayari au wanamsogeza ya sita ya saba. Hiyo ya pili hasa. Wakianza kumsogeza sogeza bila sababu ya ratiba, ujue haupoi tena.

Na timu haifi pia. Najua Machi inavokuwa, unaona msimu umeisha kabla haujaanza. Adam Wainwright wa St. Louis aliumia kiwiko Februari 2011 kambini, kapasuliwa mwezi ule ule, na Oktoba St. Louis wakabeba ubingwa bila yeye kurusha hata mpira mmoja. Kwenu wenyewe nafasi ya Cole 2024 ilimwangukia nani? Luis Gil, na mwisho wa mwaka akawa mchezaji chipukizi bora wa American League, nusu ya ligi kuu ambayo Yankees wamo. 2025 mkamkosa Cole msimu mzima na Gil mpaka Agosti, Max Fried akashinda 19, Carlos Rodón 18, timu mechi 94, na usiku ule wa mchujo dhidi ya Boston yule kijana Cam Schlittler akawatoa watu 12 kwa straiki ndani ya raundi nane. Toronto wakawatoa raundi iliyofuata ndio, lakini mlikuwepo.

Sasa mtoto wa dada, na hapa ndipo nataka unisikilize kuliko kote. Ana miaka 15, mifupa yake bado inakua. Kile kimfupa nilichokuambia ukiguse, kwake yeye bado kinaweza kuwa hakijaungana kabisa na mfupa mkubwa, kuna sehemu laini ya kukulia katikati, na mara nyingi kwa umri huo inayovutwa na kuumia ni hiyo sehemu laini kabla ya ligamenti. Kwa hiyo msianze kumtisha na Tommy John nyumbani. Ila pia msiseme ni kukua tu. Mnyanyue mkono taratibu, bonyeza pale ndani ya kiwiko, kama anaruka au anavuta mkono, au hawezi kuunyoosha mpaka mwisho kama ule mwingine, asirushe kabisa mpaka daktari wa michezo aone na apige eksirei ya viwiko vyote viwili walinganishe. Vyote viwili, wakumbushe, kwa mtoto picha ya upande mmoja inadanganya. Na mkono ukifa ganzi kwenye kidole kidogo na cha pete, usingoje wiki ijayo.

Afu hesabu mirusho yake mwenyewe, usimwachie kocha peke yake. Miongozo ya ligi kuu na USA Baseball, chama cha besiboli cha Marekani, kwa miaka 15 na 16 inasema isizidi 95 kwa siku, na akivuka 75 apumzike siku nne kamili kabla ya kupanda tena. Kinachowaumiza watoto huku sio timu moja, ni timu mbili, ya shule inahesabu zake, ya wikiendi inahesabu zake, na hakuna anayejumlisha. Na yule kijana anayerusha Jumanne akawekwa kuwa mdakaji, yule anayepokea mirusho, Jumatano, huyo mkono haujapumzika hata kidogo, mdakaji anarudisha mpira karibu kila mrusho. Kuna uchunguzi wa hospitalini Birmingham, Alabama, uliotoka 2006, ulilinganisha vijana waliopasuliwa na wasiopasuliwa, na waliokuwa wanarusha mara kwa mara huku mkono umechoka walikuwa kwenye hatari mara 36 zaidi. Mara 36. Spidi ilikuwemo, wingi wa mirusho ulikuwemo, lakini uchovu uliwazidi wote.

Kwa hiyo usimwulize "unaumwa?", kijana wa miaka 15 anayetaka kucheza Ijumaa atakujibu hapana. Mwulize asubuhi ya siku ya pili baada ya mechi, akiwa anapiga mswaki, "mkono umesharudi?" na umwangalie anavyoujibu. Ukiona anasita, mpigie kocha kabla ya mazoezi, mwambie wewe ndiye uliyeamua apumzike ili mtoto asibebe lawama mbele ya wenzake, na siku ya daktari nenda na ile hesabu ya mirusho ya wiki nne zilizopita za timu zote mbili, imeandikwa kwenye karatasi, manake hilo ndilo swali la kwanza ambalo mi ningemwuliza akikaa mbele yangu.